Sevisi ya gari la umeme: kalenda kwanza, kilomita baadaye

Swali: Fundi, salamu. Nimenunua gari la umeme lililokwisha kutumika, lina miaka 5 na limetembea kilomita 62,000. Gereji nilikokuwa nikipeleka gari langu la petroli wananiambia nilete kila kilomita 5,000 kama zamani. Jirani yangu mwenye gari kama hili ananicheka. Anasema magari haya hayana sevisi, unachaji unaondoka, na yeye hajafungua boneti tangu alinunue. Nimsikilize nani? Na kwa mwaka nitenge kiasi gani? La petroli gharama zake nilikuwa nazijua hata usingizini.

Jibu: Dada yangu, wote wawili wamekosea, ila hawakukosea sawa. Gereji itakula pesa zako kidogo kidogo bila kukupa kitu. Jirani yako halipi chochote leo, na atakuja kulipa kwa mkupuo siku ambayo hakuipanga.

Tuanze na hizo kilomita 5,000, maana watu wanazitaja kama amri wala hawajiulizi zilitoka wapi. Zilitoka kwenye oili ya injini. Oili inapikwa na joto, inachanganyika na masizi na mabaki ya petroli, inapoteza uzito wake, na usipoimwaga injini inajisaga yenyewe. Kwa kuwa gari lazima lifike gereji kwa ajili ya oili, mafundi wakaona si vibaya kuangalia na mengine likiwa bado juu: breki, bushi, mikanda, filta. Basi safari moja ya oili ikawa imebeba mizigo mingi. Gari lako halina oili ya injini, halina filta ya oili hiyo, halina plagi za kuwashia, halina mkanda wa taimingi, ekzosi wala klachi. Ukiiondoa oili, zile kilomita 5,000 zimebaki hazina mwenyewe. Fundi akikuita kila kilomita 5,000 muulize anataka kumwaga nini.

Ila angalia vilivyobaki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hata gari likilala wiki nzima. Betri ndogo ya volti 12 inachoka kwa miaka. Dawa za kuzuia kutu ndani ya kulanti, yaani maji ya kupozea, zinaisha nguvu polepole. Mpira wa waipa, wa bushi na wa matairi unakauka. Vingi kati ya hivi havisubiri gari litembee. Ndiyo maana mwenye gari la petroli anaishi kwa kutazama mita ya kilomita, na wewe unatakiwa uishi kwa kutazama kalenda. Ukilishika hilo moja, umeshaelewa sehemu kubwa ya jibu langu.

Sasa pesa, kwa kuwa najua ndiko ulikokuwa unaelekea. Sitakutajia bei, zinatofautiana mno na kesho zitakuwa nyingine. Nitakupa uwiano. Mwaka 2021 watafiti wa maabara ya taifa ya Argonne, Marekani, walipiga hesabu ya matengenezo ya kawaida ya magari mepesi kwa maisha yake yote barabarani. La petroli lilitoka senti 10.1 za dola kwa kila maili, la umeme senti 6.1. Mwaka mmoja kabla, Consumer Reports, shirika la Marekani linalotetea wanunuzi, wao walitumia taarifa za wenye magari wenyewe wakapata senti 6.1 kwa la petroli na 3.1 kwa la umeme, wakihesabu matengenezo na marekebisho pamoja. Njia zao hazifanani na ndiyo maana tarakimu zinapishana, lakini ukizigawanya unapata kati ya nusu na asilimia 60. Kwa hiyo chukua risiti zako za gari la zamani, ondoa za mafuta, jumlisha za gereji na za matairi kwa mwaka, kisha tenga asilimia 60 ya hapo. Huo ndio mfuko wako.

Halafu kuna jambo moja ambalo wastani unalificha. Gharama za gari la petroli zinakuja kama kodi ya nyumba, kila baada ya muda mfupi kiasi kinachokaribiana. Za gari la umeme zinakaa kimya mwaka mzima, pengine miwili, halafu zinakuja seti ya matairi, mafuta ya breki na betri ndogo katika msimu mmoja. Jirani yako yuko kwenye kile kipindi cha kimya. Hajadanganya, anaelezea anachokiona. Wewe weka fungu lako kila mwezi hata mwezi ambao hukutumia kitu.

Tunaingia chini ya gari sasa, na naanza na breki kwa sababu ndizo zinazonikasirisha kuliko vyote.

Gari la umeme linapunguza mwendo kwa mota. Unaachia pedali ya mwendo, mota inageuka kuwa jenereta, mwendo unarudi kuwa umeme ndani ya betri. Katika magari mengi pedi hazigusi diski mpaka ukanyage kwa nguvu au gari liwe karibu kusimama. Watu wanafurahi, pedi zinadumu kilomita laki moja na zaidi. Lakini diski ni chuma, na chuma kisichosuguliwa kinashika kutu. Liliwahi kuletwa kwangu gari ambalo mwenyewe alisema linakwaruza kidogo tu. Nikavua gurudumu la nyuma. Pedi ilikuwa nene kama imetoka dukani leo. Diski kwa nje ilikuwa inang'aa nusu, lakini kwa ndani, upande ambao huuoni ukichungulia kupitia rimu, kutu ilikuwa imekula mifereji unayoweza kuingiza ukucha. Pini ambazo kalipa, kile chuma kinachobana pedi, inatelezea zilikuwa zimeganda, moja niliitoa kwa nyundo. Mwenye gari akanitazama kama mtu aliyeibiwa: "Lakini breki sizitumii!" Nikamwambia ndilo tatizo lenyewe. Akanunua diski mbili na pedi mpya, akazitupa za zamani zikiwa hazijafika hata nusu ya maisha yake. Kuvua, kusafisha na kupaka pini grisi ya breki ingekuwa kazi ya saa moja na ushee.

Kwa hiyo mara moja kwa mwaka kalipa zivuliwe, zisafishwe, zipakwe grisi. Tesla wenyewe wanaliandika hilo kwa wanaoishi penye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, kila mwaka au kila kilomita 20,000. Mimi naliongeza kwa yeyote anayekaa karibu na bahari au anayepita kwenye matope. Na wewe mwenyewe, mara moja kwa wiki, barabara ikiwa wazi na nyuma yako hakuna mtu, kanyaga breki kwa uzito mara tatu nne ukiwa kwenye mwendo wa wastani. Diski zitajifuta. Haina gharama. Ukitaka kujua kuwa hili si wazo la fundi mmoja tu, chungulia magurudumu ya nyuma ya Volkswagen ID.3 na ID.4. Wameweka ngoma badala ya diski, teknolojia ambayo watu walidhani imezeeka, kwa sababu breki za nyuma hazifanyi kazi sana na ngoma imefungwa, kutu haiingii kirahisi.

Mafuta ya breki ni habari nyingine, ingawa yanakaa kwenye mfumo huohuo. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishavuta maji, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka ndani ya bomba yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inazama mpaka sakafuni na gari halisimami. Utaniuliza, zitachemka vipi breki ambazo nimetoka kusema hazifanyi kazi? Kuna siku moja zinafanya kazi yote peke yake. Umechaji hadi asilimia 100 ukiwa juu mlimani, kisha unaanza kushuka. Betri imejaa, haina pa kuweka umeme wa mota, basi kompyuta inapunguza ule msaada wa mota au inauzima kabisa. Mteremko mzima unabebwa na pedi na diski, kwenye gari zito. Siku hiyo ndiyo utajua mafuta yako ya breki yana umri gani. Watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila miaka 2. Tesla siku hizi wanasema yapimwe kila miaka 4 na yabadilishwe ikibidi. Kipimo ni kikalamu kidogo chenye taa, kinachochovywa kwenye chupa na kuonyesha kiasi cha maji. Fundi asiye nacho mwambie akitafute, ni cha bei ndogo kuliko spana nyingi alizonazo. Na ukiwa unakaa mlimani, chaji mpaka 80 au 90 tu kabla ya kushuka, umeme wa bure utaukuta njiani.

Baada ya breki, matairi. Hapa ndipo pesa nyingi ya mfuko wako itakakokwenda, na sisemi hivyo kukutisha. Gari la umeme mara nyingi lina kilo mia kadhaa zaidi ya gari la petroli la ukubwa uleule, na mota yake inatoa nguvu yote palepale unapokanyaga. Ukipenda kuondoka taa zikiwaka kijani kama unashindana, matairi yatakuwa kipara mapema sana. Ukikanyaga kwa upole, yatakaribia umri wa yale ya petroli. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bajeti hii iko kwenye mguu wako wa kulia.

Badilisha nafasi za matairi, ya mbele nyuma, kila kilomita 10,000, au mapema zaidi ukiona kina cha kashata, yaani meno ya tairi, za mbele na za nyuma kimepishana milimita moja na nusu. Pima upepo kila mwezi, tairi likiwa baridi, ukifuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango. Usifuate kumbukumbu ya fundi. Unaponunua mapya angalia namba ya uwezo wa kubeba iliyoandikwa ubavuni isiwe chini ya ile ya kiwandani. Tairi la saizi ileile lakini lenye uwezo mdogo linaingia vizuri kwenye rimu, bei inapendeza, na linakaa chini ya uzito lisioumudu.

Na jeki! Betri yako kubwa imelala chini ya sakafu, karibu urefu wote kati ya magurudumu. Mtu wa pancha aliyezoea kusukuma jeki popote penye chuma anaweza kuinua gari lako kwa kasha la betri. Nimeshaona alama ya duara iliyobonyea katikati ya bamba la chini, saizi ya kichwa cha jeki kabisa. Mwenye gari hakujua lini. Kwenye kijitabu kuna mchoro wa sehemu nne za kuinulia. Upige picha ukae kwenye simu, na usione haya kusimama karibu mtu anapoingiza jeki.

Betri ndogo sasa. Hii ndiyo inayoaibisha watu kuliko ile kubwa. Alinipigia mtu simu gari limekataa kuamka, milango haifunguki kwa ufunguo wa rimoti, dashibodi giza. Usiku uliopita aliacha chaji ikiwa asilimia 74. Akawa ameshaanza kuhesabu bei ya betri kubwa kichwani, sauti inatetemeka. Nilipofika nikapima ile ndogo, volti 9 na kitu. Nikaipa umeme kutoka nje, gari likaamka, asilimia 74 zilikuwa pale pale.

Kinachotokea ni hiki. Betri kubwa, yenye volti 400 au hata 800, imetengwa na gari kwa swichi nzito ambazo zinabaki wazi, yaani zimekata umeme, gari likizimwa. Wa kuzifunga ni kompyuta, na kompyuta inakula umeme wa betri ndogo. Ndogo ikifa, mkubwa yumo ndani lakini hakuna wa kumfungulia mlango. Watu wanadhani kwa kuwa hakuna stata ya kuzungusha, betri ndogo inapumzika. Haipumziki. Inalisha kompyuta, alamu, na mawasiliano ya simu usiku na mchana. Ile ya risasi na asidi hesabu miaka 4, ikizidi sana 5. Ya kwako kama ni ya kiwandani ina miaka 5, sihitaji hata kuipima, ibadilishe. Ukitaka kuipima hata hivyo, acha gari lipumzike saa kadhaa: volti 12.6 ni afya, ikikaribia 12.0 imekwisha. Baadhi ya magari mapya yana betri ndogo ya lithiamu inayodumu zaidi, lakini hiyo usiibadilishe na ya risasi bila kusoma kijitabu. Na jirani mwingine akikuomba umwashie gari lake la petroli kwa waya kutoka kwako, mkatalie kwa heshima. Vijitabu vingi vinakataza, kwa sababu mfumo wako mdogo haukutengenezwa kusukuma stata ya mtu.

Kulanti naitaja kwa tahadhari kwa sababu hapa kila kampuni ina dini yake. Tesla wanasema kwa kawaida haihitaji kubadilishwa. Nissan Leaf inapoza betri yake kwa hewa tu, kulanti yake ni ya mota na vifaa vya umeme. Baadhi ya Hyundai na Kia zina kulanti maalumu yenye kupitisha umeme kidogo sana, na ile huwekewa muda wake, mfupi kuliko unavyotegemea. Hiyo ndiyo ya kuangalia. Kulanti ya kijani ya dukani ukiimimina humo, siku mabomba yakivuja ndani ya kasha la betri, kilichokuwa kinapoza kinakuwa njia ya umeme. Rangi haitoshi kukuambia ni ipi, soma namba kwenye kijitabu. Kuibadilisha pia si kufungua rejeta na kumwaga. Hewa ikibaki ndani, pampu inazunguka bure, betri inapata joto upande mmoja. Inatakiwa mashine ya kuvuta hewa, na magari mengi yanataka kompyuta ya kuamrisha pampu na vali. Hapa ndipo panapostahili kulipia fundi mzuri.

Oili ya giaboksi ipo, lita moja mbili hivi, ndani ya kile kigiaboksi kimoja cha kupunguza mizunguko ya mota. Kwenye kilomita 62,000 fundi aangalie kama kuna mvujo. Hyundai kwa matumizi magumu wanasema ibadilishwe kwenye kilomita 120,000. Mimi ningeibadilisha mara moja tu katika maisha ya gari hata pale mtengenezaji anaposema ni ya milele, kwa sababu sumaku ya kwenye bolti ya kumwagia huwa inatoka na unga wa chuma, na nimeshauona.

Kiyoyozi kinahitaji aya yake. Kompresa ya gari la petroli inazungushwa na mkanda. Yako ina mota ya umeme mkubwa ndani yake, na nyaya za mota hiyo zimelowa ndani ya oili ya kompresa yenyewe. Kwa hiyo oili ile lazima isipitishe umeme. Magari mengi ya umeme yanatumia oili aina ya POE, wakati magereji ya kawaida yana PAG, inayowekwa kwenye magari ya petroli. Mashine ya gesi iliyotoka kuhudumia gari la petroli, ikiungwa kwako bila kusafishwa, inaacha PAG kidogo ndani. Kidogo tu. Kinga ya nyaya inashuka, kompyuta inagundua umeme unavuja kwenda kwenye bodi, gari linawasha taa nyekundu na pengine linakataa kuwaka. Kompresa hiyo ni ya bei mbaya, na katika magari mengi ndiyo hiyohiyo inayopoza betri kubwa, kwa hiyo ikifa hupati hata chaji ya haraka. Gesi ikipungua usiende kwa mtu wa barabarani. Muulize kwanza swali moja: oili unayoweka ni ipi, na mashine yako umeisafishaje? Akisema oili zote ni sawa, shukuru uondoke.

Filta ya hewa ya ndani utabadilisha mwenyewe kila mwaka au miaka 2, iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi katika magari mengi, dakika 10 na bisibisi moja. Waipa unazijua.

Betri kubwa haina sevisi. Haifunguliwi, haiongezwi maji, haisafishwi, na yeyote anayekuuzia sevisi ya betri kubwa mfungie mlango. Kinachotakiwa ni kuipima mara moja kwa mwaka na kuweka rekodi. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani na kuongea na simu. Kwa Nissan Leaf programu ya LeafSpy imekuwa ikitumika miaka mingi. Unaandika tarehe, kilomita, na asilimia ya afya. Geotab, kampuni inayofuatilia magari ya makampuni, mwaka 2024 ilikuta wastani wa kupungua ni asilimia 1.8 kwa mwaka. Gari lako la miaka 5 likisoma 90 uko sawa na wenzako. Likisoma 78, anza kufuatilia.

Kufuatilia nini? Dhamana. Kawaida ya soko ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70. Kanuni ya kiufundi ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa ya 2022 (GTR namba 22) imechukua kiwango hichohicho na kuongeza kingine cha mapema: asilimia 80 kwa miaka 5 au kilomita 100,000. Wewe kwa hesabu ya miaka 8 umebakiwa na miaka 3. Dhamana ya betri mara nyingi inafuata gari, haimfuati mtu, lakini gari likivuka mpaka inaweza kukatika, kwa hiyo mpigie mtengenezaji simu, mpe namba ya chasisi uulize. Kwa simu hiyohiyo uliza kama kuna wito wa marekebisho ambao mwenye gari wa kwanza hakuuitikia. Mwaka 2021 Chevrolet waliyaita magari yao yote ya umeme ya modeli ya Bolt waliyokuwa wameyatengeneza kwa sababu ya hatari ya moto kwenye betri, na waliopeleka gari hawakulipa kitu. Marekebisho ya aina hiyo ni ya bure hata kwa mtu wa pili, ilimradi ajue yapo.

Ya kila siku ni haya. Kama betri yako ni ya lithiamu yenye nikeli, chaji hadi 80, uijaze kamili siku ya safari. Kama ni ya lithiamu na chuma-fosfeti, ambazo watu wanaziita LFP, ijaze hadi 100 mara moja kwa wiki ili kompyuta ijue asilimia zake vizuri. Kijitabu kitakuambia unayo ipi. Usiliache likae siku nyingi limejaa pomoni au limekauka. Na ukichaji nyumbani, shika plagi baada ya saa moja. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza mpaka uachie mkono, zima, kuna kiungo kimelegea ukutani, mwite fundi umeme, siyo fundi gari.

Ukikanyaga jiwe kubwa au ukipiga tuta kwa tumbo, gari liinuliwe siku hiyohiyo na chini pachunguliwe. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, na fundi wako asiziguse kama hana glovu za volti 1000 na hajui kwa nini anatakiwa kusubiri dakika kadhaa baada ya kukata umeme. Kapasita zinabaki na chaji. Akikuambia "mimi sihitaji glovu, nina uzoefu", hana.

Kwa kuwa hujui mwenye gari wa kwanza aliishi nalo vipi, usianze kwa kufuata ratiba. Fanya kwanza sevisi moja ya kujua ulichonunua: mafuta ya breki mapya, betri ndogo mpya, kalipa zote nne zivuliwe na kupakwa grisi, filta ya ndani, bushi na boljointi ziangaliwe kwa sababu zimebeba uzito mkubwa, alaimenti, umri wa kulanti dhidi ya kijitabu, na ile asilimia ya afya iandikwe kwenye karatasi. Hiyo itakula sehemu nzuri ya mfuko wa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo unaingia gereji mara moja kwa mwaka, mwezi uleule, hata kama umetembea kilomita 6,000 tu. Mwaka wa pili ni matairi pengine na filta. Wa tatu mafuta ya breki tena. Ukitembea sana, kilomita 30,000 kwa mwaka na zaidi, ongeza safari moja ya matairi katikati.

Fungua daftari la sevisi hata kama hakuna anayekudai. Siku ya kuuza, mnunuzi wa gari la umeme anaogopa kitu kimoja tu, na wewe utamwekea mezani mstari wa afya ya betri wa kila mwaka.

Na jirani yako, mwombe afungue boneti mara moja tu, muangalie wote tarehe iliyogongwa juu ya ile betri ndogo. Kama ni ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, mwambie kwa sasa asiegeshe mahali ambapo gari la kuvuta haliwezi kufika.